Kung'atwa na Papa, Malipo Mara Mbili

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Leo nimeamua kuwa mzamiaji. Uamuzi umenijia ukweni, nimeketi sebuleni kwa mama mkwe, kikombe cha chai mkononi, macho ukutani. Picha yetu ya harusi haipo! Mahali pake imetundikwa picha ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, yule mwembamba tunayemwita Chuchunge, kwa jina la samaki. Yuko chini ya maji, mapezi miguuni, mtungi mgongoni, ameshika usukani wa lori lililozama. Lori! Nikauliza kwa adabu zote harusi yetu imehamia wapi. Mama mkwe akasema iko koridoni, nyuma ya mlango, kule haipigwi na jua.

Nyuma ya mlango. Na mlango wenyewe huwa wazi mwaka mzima.

Njiani mke wangu akaniambia niache wivu wa kitoto. Nikamjibu sina wivu na mtu. Nikamwuliza kozi ya kuzamia inachukua muda gani.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimehitimu bwawani! Tuseme nimehitimu. Mwalimu wa klabu ya wazamiaji, ile ile ya Chuchunge, ni mama mfupi mwenye mabega ya mpakiaji mizigo. Tunamwita Mama Pumzi, maana kila baada ya maneno matatu husema "pumua". Ameandika kwamba ninaelea "kwa mashaka". Mashaka si kukataliwa.

Jumamosi tunakwenda machimboni. Ni shimo kubwa walilochimba mawe zamani wakaliacha, likajaa maji. Ndiko liliko lori. Nitapigwa picha kwenye lori hilo, picha kubwa kuliko ya Chuchunge, na fremu nitanunua mwenyewe.

Lakini kuna sharti. Hakuna atakayelowesha hata kisigino, amesema Mama Pumzi, bila bima ya ziada ya ajali ya wazamiaji. Bima zetu za kawaida zinajua homa na meno. Hazimjui mtu aliyepanda upesi kutoka chini, damu yake ikafanya mapovu kama soda iliyotikiswa. Huyo hufungiwa kwenye chumba cha mgandamizo, pipa la chuma la ukubwa wa gari, hewa ikashindiliwa humo kwa saa nyingi mpaka mapovu yaishe. Gharama yake itakuuzisha nyumba na kuku. Akatutajia maswali ya kumwuliza wakala. Sikuyaandika. Chuchunge alikuwa mbele yangu anaandika kwa kalamu za rangi mbili, nami nilikuwa nashughulika kumdharau.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Wakala wa kwanza amekuja dukani. (Nauza magodoro. Duka ni la tajiri wangu, maneno ni yangu.) Dada mmoja wa miwani minene, mkoba umejaa karatasi, hana tabasamu hata la dharura. Nikamkaribisha kwenye godoro la inchi nane, akaketi ukingoni kama yuko kituo cha polisi. Akaanza. Nina pumu? Niliwahi kuzirai? Masikio yangu yakoje? Nitazama kina gani, na nani, mara ngapi? Nikamwambia dada, unaniuzia bima au unanichumbia? Hakucheka. Tajiri ndiye aliyecheka, huko nyuma ya pazia.

Akaeleza bima yake. Inaanza ukitoka mlangoni kwako, inaisha ukirudi. Inalipa gari la wagonjwa. Inalipa lile pipa. Ina namba ya simu inayopokelewa usiku na mchana na daktari anayejua mambo ya kuzamia. Ukiteleza bafuni klabuni ukaumia kiuno, inalipa. Nikamwuliza, na zawadi je? Akauliza zawadi gani. Nikasema ya mteja mpya. Akapekua mkoba, akapekua, akanipa peremende.

Ya mnanaa. Nimeila. Lakini mtu mzima hanunuliwi kwa peremende.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Leo nimelamba dume! Wakala wa pili. Nimempa jina la Bwana Meno kwa jinsi anavyocheka. Aliniita "mkurugenzi" kabla hajavuka kizingiti. Hakuniuliza hata swali moja. Ustaarabu ulioje! Akanivisha kofia yenye picha ya papa. Akanipa mfuko usioingia maji. Akanipa tochi ya chini ya maji. Tochi! Inawaka rangi tatu.

Halafu akakunjua jedwali la mwili wa binadamu. Kila kiungo na fidia yake. Jicho, sikio, goti, kidole gumba. Sijawahi kujiona wa thamani hivyo. Nikamwita tajiri, tukajisoma kuanzia utosini mpaka unyayoni. Kidole changu kidogo cha mguu kina thamani kuliko godoro lililoko dirishani! Na mteja aking'atwa na papa, malipo mara mbili. Tajiri akauliza papa ametokea wapi kwenye shimo la mawe. Bwana Meno akajibu kwamba ajali haipigi hodi. Jibu zito sana. Tajiri akarudi nyuma ya pazia.

Na bima hii inakwenda hadi mita mia moja chini. Machimbo yetu hayafiki hata ishirini. Nitabaki na mita themanini za akiba.

Nimesaini kwa kalamu yake. Kalamu nayo kanipa.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimekwenda ukweni makusudi, kofia kichwani. Chuchunge yupo, anapangusa miwani yake ya maji kwa kitambaa laini kama anambembeleza mtoto. Nikamwuliza amechukua bima ipi. Ya yule dada wa miwani, akasema. Nikamwonea huruma. Nikawasha tochi, rangi zote tatu. Akauliza yangu inalipa gari la wagonjwa? Nikabadilisha rangi. Akauliza simu yao inapokelewa hata Jumapili? Nikamwuliza yake inasemaje kuhusu papa. Akanyamaza. Kimya cha aliyeshindwa.

Wakati wa kula, mke wangu akauliza kama nimesoma makubaliano. Nikasema nimesoma maandishi makubwa. Madogo je? Nikamweleza kwa upole kwamba jambo la maana huandikwa kwa herufi kubwa, ndiyo kazi ya herufi kubwa. Akaniangalia kama anavyoiangalia sufuria iliyotoboka.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Naandika kwenye benchi la hospitali. Nitakwenda kwa mpangilio.

Asubuhi, machimboni. Kuta za mawe, maji ya kijani, kimya. Wazoefu walizama kwanza upande wa kina kirefu, Chuchunge akiwemo. Sisi wanagenzi tukaambiwa tuvae. Ile nguo ya mpira ya kuzamia haivaliwi, unapigana nayo. Nilikuwa nimeingiza mguu mmoja mzima na wa pili nusu, narukaruka, nikajikwaa kwenye mtungi wa hewa. Mtungi ukayumba. Ukawa kama unafikiri. Ukaangukia kidole changu kidogo cha mguu wa kushoto.

Sikupiga kelele. Nilikohoa kwa nguvu sana.

Kidole kikawa zambarau. Nikachechemea hadi nyuma ya gari, nikampigia Bwana Meno kumpa habari njema. Ajali ya kwanza! Akauliza imetokea wapi. Nchi kavu, nikasema. Akasikitika. Bima yetu, akasema, inahesabu ajali iliyotokea uso wa mteja ukiwa chini ya maji. Imeandikwa pale, kwa herufi ndogo. Nikamwuliza, hata kama kilichoniangukia ni mtungi wa kuzamia? Akasema mkurugenzi, hata nyangumi akikuangukia nchi kavu, hatulipi. Akanitakia mapumziko mema.

Mtu wa kawaida angerudi nyumbani. Mimi nikafikiri. Kidole kimeshavunjika, kilichokosewa ni mahali tu. Kumbe dawa yake ni kukipeleka chini ya maji, kikavunjike tena mbele ya mashahidi!

Mama Pumzi akauliza mbona nachechemea. Nikasema nilikaa vibaya. Akanipangia Chuchunge awe mwenza wangu. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kule kwenye kina, amepumzika kidogo tu. Mpiga picha wa klabu akafuatana nasi.

Tukashuka polepole kwa kamba. Pumua, masikio, pumua, masikio. Na lori likatokea. Sitasema uongo, nilisahau kidole. Limekaa pale chini kimya, taa zake mbili zinakutazama, visamaki vinaingia na kutoka dirishani kama abiria wasio na haraka. Chuchunge akanigusa bega, akanionyesha kwa mkono, kama mtu anayekukaribisha nyumbani kwake. Nikaelewa kidogo kwa nini huja huku kila wiki.

Kisha nikakumbuka kazi iliyonileta. Nikampungia mpiga picha atazame. Nikarudi nyuma. Nikalipiga bampa teke.

Mama yangu mzazi!

Nikafungua mdomo kulia, kidude cha kupumulia kikanitoka, maji yakachukua nafasi yake. Hapo ujanja wote uliniruka. Nikabonyeza kitufe cha kujaza hewa kwenye fulana ya kuelea, nikakishikilia, nikaanza kupanda kama kizibo. Kitu kikanidaka mguu. Nikadhani papa. (Nakiri kwamba kwa nukta moja nilifurahi.) Alikuwa Chuchunge. Akaning'ang'ania, akanitia mdomoni kidude chake cha akiba, akawa anaitoa ile hewa kwenye fulana yangu, macho ameyakaza ndani ya macho yangu. Angeweza kuniachia nipande peke yangu. Hakuniachia. Tukafika juu pamoja, upesi kuliko inavyotakiwa.

Mimi nilitapika maji, nikawa mzima. Yeye akacheka, akanipiga kofi la bega, akaenda kuketi. Baadaye kidogo nikamwona anajaribu kufunga zipu ya mfuko wake. Vidole havikamati. Anavitazama kama si vyake. Akasema bega linauma na mkono unakufa ganzi.

Mama Pumzi hakusema "pumua". Alimlaza chini, akamvika barakoa ya oksijeni, akatoa kadi ya bima kwenye mfuko wa Chuchunge, akapiga ile namba. Haikuita hata mara mbili. Daktari akapokea, akauliza kina, muda, ganzi imeanza lini, mkono upi. Akasema asinyanyuke, asivuliwe barakoa, gari liko njiani, chumba kinaandaliwa. Mimi nami, kwa kutaka kusaidia, nikaipigia namba ya bima yangu. Sauti ya mashine ikaniarifu kwamba ofisi hufunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi, na kwamba wananithamini.

Nimepanda nyuma ya gari la wagonjwa na Chuchunge. Nilimshika ule mkono wenye ganzi njia nzima. Hakujua kama nimemshika.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Chumba cha mgandamizo ni pipa kweli. Jeupe, mlango mzito, kidirisha cha mviringo. Chuchunge yumo, mara ya pili tangu jana, na muuguzi mmoja pembeni yake. Mama mkwe ameketi nje kwenye kiti cha plastiki, mtandio kaushika kwa mikono miwili, hajala. Mke wangu, niliyemsimulia yote usiku, ananizunguka bila kunigusa, kama mtu anayekwepa dimbwi.

Mama mkwe akaniuliza kama nilikuwa naye kule chini. Nikasema ndiyo, mama. Akasema Mungu akubariki, baba, hukumwacha mwanangu. Nikatazama sakafu. Mke wangu naye akatazama sakafu, kisha akanitazama mimi, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Mwambie."

Nikamnong'oneza kwamba daktari amekataza wagonjwa kushtuliwa. Akasema mama si mgonjwa. Nikasema atakuwa.

"Mwambie."

Basi nikamwambia. Si yote. Nilianzia katikati, kwamba niliingiwa na hofu kule chini, nikapanda kwa pupa, na mwanawe akanifuata kuniokoa. Mama mkwe akaweka mtandio magotini. Kisha akafungua chupa ya chai, akanimiminia kikombe, akaniambia ninywe, nimepauka. Afadhali angenipiga.

Alasiri wakaniruhusu kuzungumza na Chuchunge kwa kile kisimu cha ukutani. Uso wake umejaa kidirishani. Sauti inatoka nyembamba, kama ya bata ndani ya kopo.

"Shemeji, kidole chako vipi?"

"Kidole gani?"

"Hicho ulichokuwa unakificha jana. Nilikuona unachechemea. Ndiyo maana nikakaa karibu na wewe."

Nikamwuliza mkono wake unaendeleaje. Akaunyanyua mpaka kidirishani, akaukunja ngumi, polepole, kidole kimoja baada ya kingine, mpaka vyote vikafunga. Halafu akacheka, kama mtoto aliyefunga kamba za viatu mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Nikapangusa macho. Hospitali hizi zina vumbi sana.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Kidole kimepigwa eksirei. Kimevunjika mahali pawili. Pawili! Nikampigia Bwana Meno mara moja. Pale pa kwanza ni pa nchi kavu, nikamwambia, nawasamehe. Pa pili ni pa chini ya maji, ni haki yangu. Akataka ushahidi. Nikamtumia picha ya mpiga picha wa klabu. Inapendeza, rangi zimetoka vizuri, uso wangu unaonekana wote.

Haukupita muda akanipigia. Nyuma yake nasikia ofisi nzima inacheka. Picha hii, akasema, inaonyesha mteja anapiga lori teke kwa hiari yake, tena mpiga picha tumemwomba, akatutumia na ile ya kabla yake, mteja anarudi nyuma kuchukua mbio. Kupiga gari teke si ajali, mkurugenzi. Nikamwuliza ni nini basi?

Akasema ni ugomvi.

Kabla ya kukata, akaniuliza kwa utaratibu tu wa kazi kama palikuwa na papa yeyote karibu. Nikafikiri sana. Nikasema hapana. Naandika hapa ili ijulikane kwamba mimi ni mtu mwaminifu.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Chuchunge ametoka! Mkono mzima kabisa, isipokuwa amekatazwa maji mpaka daktari atakaporidhika. Gari, pipa, kitanda, daktari, vyote vimelipwa na bima ya dada wa miwani, bila maneno mengi. Mama mkwe alimpokea mlangoni, akamshika uso kwa viganja viwili. Mimi nilibeba mifuko. Nilibeba yote, na kidole changu hivi hivi. Hakuna aliyeniambia nibebe.

Mama Pumzi naye alikuja kumwona. Alinivuta pembeni. Akasema hataniandikia barua wala kunisema mbele ya watu, ila kuanzia sasa mimi ni mwanachama wa nchi kavu. Nitalinda viatu. Nikamwuliza kama cheo hicho kina kofia. Akaniambia nipumue, kwa namna ambayo haikuwa ya kunitakia uhai.

Jioni mke wangu akamwalika dada wa miwani nyumbani. Akamwuliza maswali yote mwenyewe, moja moja, akasoma maandishi madogo kwa sauti, mimi nimekaa pembeni mguu juu ya stuli kama mtuhumiwa. Nikasema mimi sizamii tena, bima ya nini? Mke wangu akasema si ya kuzamia, ni ya ajali ya kuwa mimi. Dada wa miwani, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akacheka mpaka akavua miwani.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Leo heshima imerudi! Tajiri ameniita nyuma ya pazia. Anasema hajapata kuona mtu aliyehangaika na bima kama mimi, basi ujuzi huo usipotee bure. Duka halina bima ya moto. Magodoro ni sifongo tupu, cheche moja tu na wote tutakuwa majivu, yeye na mtaji wa maisha yake. Nichague mimi. Mimi! Yeye anakwenda benki.

Nikaapa. Safari hii hakuna papara. Nitasoma herufi ndogo, na zilizo ndogo zaidi nitazisoma kwa kioo. Sipokei kofia. Tochi ninayo tayari.

Wakala akafika saa nne. Kijana mtanashati, ananukia. Aliniita "profesa". Sikutikisika. Nikamwuliza swali la kwanza, kavu kavu: bima yenu inalipa moto wa aina gani? Akasema swali zuri sana, profesa, na kabla ya kulijibu akatoa mwavuli.

Si mwavuli wa kawaida. Una kitufe. Ukikibonyeza unafunguka wenyewe, paa! Nikabonyeza. Nikaufunga, nikabonyeza tena. Nikatembea nao kati ya magodoro. Ndani yake, juu kwenye kitambaa, wamechora mawingu meupe, hivyo hata siku ya giza mtu unakuwa na anga yako safi. Watu wanaofikiria mambo ya namna hii, hao ndio wa kuachiwa duka.

Tajiri aliporudi, mkataba umeshasainiwa, uko mezani. Akauliza, haya, tukiungua tunalipwa? Nikamwambia huko hatukufika, lakini mvua ikinyesha, tajiri, hatulowani.